Injini iliyofungwa upya kiwandani: forodha inaihesabu mpya au mtumba?

#1 SpeaMwanjelwa
Wakuu salama. Kuna injini za dizeli za malori, silinda sita, zimefunguliwa kiwandani nje ya nchi, krenki imechongwa, slivu na pistoni zimewekwa mpya, kisha zimefungwa, zikapigwa rangi na kuwekewa bati jipya lenye alama REMAN, yaani imetengenezwa upya. Zinakuja na waranti ya mwaka mmoja. Si ile ya kuchomoa kwenye gari lililokatwa, na si mpya ya boksi. Wakala mmoja anasema itangazwe 8408.20 kama injini nyingine yoyote. Mwingine anasema ni kitu kilichotumika, kwa hiyo kuna namba yake na ushuru wa bidhaa wa 25% juu. Mzigo ni wa Mbeya, unashukia Dar. Nani anajua namba sahihi?

#2 Tarakimu8
Hakuna namba ya "injini iliyotumika". Mfumo wa HS, ule wa kimataifa wa kupanga bidhaa kwa namba, uko chini ya Shirika la Forodha Duniani, Brussels. Mkataba wake ni wa 1983 na ulianza kutumika 1 Januari 1988. Tarakimu mbili za kwanza ni sura, nne ni kichwa, sita ni kichwa kidogo. Afrika Mashariki tunaongeza mbili, zinakuwa nane. 84 ni mashine, 8408 ni injini za dizeli, 8408.20 ni za kusukuma magari ya sura ya 87. Hakuna mahali inapouliza injini imetembea kilomita ngapi. Mpya, mtumba, iliyofungwa upya, zote zinaingia mlango huo mmoja.

#3 MzeeWaNakonde
#2 uko sawa kwa injini, ila usiseme kwa jumla hivyo vijana wakakukariri. HS inauliza umri pale inapotaka. Tairi mpya ni 4011. Tairi iliyovishwa upya ni 4012.11 kwa gari ndogo na 4012.12 kwa mabasi na malori. Tairi iliyotumika tu bila kuvishwa ni 4012.20. Hapo una vitu vitatu tofauti, na kile cha kati ndicho hasa kilichotengenezwa upya. Nguo za mitumba ni 6309, na maelezo ya sura ya 63 yanataka mambo mawili kwa pamoja: zionekane zimechakaa kweli, na ziwe kwenye marobota, magunia au vifungashio vya aina hiyo. Ukileta nguo hizohizo zimening'inizwa moja moja kwenye henga, mtu anaweza kukutoa 6309.

Betri chakavu za risasi ni 8549.11 tangu toleo la 2022. Vyuma chakavu ni 7204. Kwa hiyo swali la aliyeanzisha uzi ni la haki. Waliotunga walijua kuweka kitu kilichotengenezwa upya kwenye kichwa chake. Kwa tairi waliweka, kwa injini hawakuweka.

#4 KamweneIringa
Kamwene wakuu. Naweka kambi hapa.

#5 WakalaTunduma
Mnachanganya sheria mbili. Namba ya HS na ushuru wa forodha vinatoka kwenye Ushuru wa Pamoja wa Afrika Mashariki. Ushuru wa bidhaa ni wa Tanzania peke yake, kwa sheria yake ya Sura ya 147 (si sura ya HS), na hiyo ndiyo yenye 25% kwa vipuri vilivyotumika vya magari na pikipiki kutoka nje. Kwa hiyo wakala wa kwanza anaweza kuwa sahihi kwenye namba, na wa pili akawa sahihi kwenye fedha. Hawapingani.

Tazama uzito wake. Tuchukulie thamani hadi bandarini ni 10,000,000 na ushuru wa forodha ni 10% (kiwango halisi msome kwenye kitabu cha mwaka husika, mimi nafanya hesabu tu).

Ikihesabiwa imetumika: forodha 1,000,000. Ushuru wa bidhaa 25% ya 11,000,000 = 2,750,000. VAT 18% ya 13,750,000 = 2,475,000. Jumla 6,225,000.
Isipohesabiwa imetumika: forodha 1,000,000. VAT 18% ya 11,000,000 = 1,980,000. Jumla 2,980,000.

Tofauti 3,245,000 kwa injini moja, kabla ya tozo ndogo ndogo kama ile ya uchakataji wa forodha ya 0.6%. Angalia pia VAT inavyopanda juu ya ushuru wa bidhaa, wengi wanasahau kuihesabu wanapompa mteja bei.

#6 FundiInjekta
Sasa twende kwenye chuma chenyewe, maana afisa wa ukaguzi haoni sheria, anaona injini. Iliyofungwa upya kiwandani inajulikana hivi:

Tarehe ya kusubu, yaani ya kumiminwa chuma, kwenye bloku. Iko kwenye chuma chenyewe, imenyanyuka, haifutiki kwa rangi. Bati likisema mwaka jana na bloku ikawa ya miaka kumi nyuma, hiyo si mpya, basi.

Beringi za krenki. Krenki ikichongwa 0.25 mm au 0.50 mm, beringi zake zinakuwa za saizi hiyo na zimeandikwa mgongoni. Ila huwezi kuziona bila kufungua sampu (bakuli la oili chini ya injini), na hakuna mwagizaji atakayekubali sampu ifunguliwe yadi.

Pistoni. Hapa watu wanakosea. Kwa injini za malori zenye slivu za maji, slivu inatolewa nzima na kuwekwa mpya, kwa hiyo pistoni inabaki STD, saizi ya kawaida ya kiwanda. STD haithibitishi upya wa injini.

Silinda hedi. Ikipitishwa mashine kunyooshwa, kimo kinapungua. Ukiwa na kipimo cha kiwanda na venia unaona.

Kwa hiyo bloku, krenki, hedi na mara nyingi konrodi ni za zamani. Slivu, pistoni, ringi, beringi, gasketi, sili na nozeli ni mpya. Mimi kwa macho ya ufundi nasema ile ni injini iliyotumika iliyofanyiwa ovaholi nzuri. Tofauti na ya mtaani ni vipimo, benchi la majaribio na karatasi ya waranti.

#7 BintiRungwe
Tofauti hiyo ya #6 ya vipimo na waranti ndiyo baadhi ya mikataba ya biashara imeigeuza kuwa sheria. Mkataba wa Marekani, Meksiko na Kanada unaita bidhaa iliyotengenezwa upya ile ya sura ya 84 hadi 90, au kichwa 9402 (samani za hospitali na za saluni), isipokuwa chache zilizotajwa. Iwe imeundwa yote au sehemu kwa vitu vilivyookolewa kwenye bidhaa za zamani, iwe na umri wa kutumika na utendaji unaofanana na mpya, na iwe na waranti ya kiwanda inayofanana na ya mpya. Mkataba wa nchi za Pasifiki, CPTPP, nao una kifungu chake. Lengo ni nchi mwanachama isizizuie kwa kanuni zake za mitumba.

Lakini angalieni: hata wao hawakubadili namba. Injini inabaki 8408. Walichofanya ni kuweka ufafanuzi pembeni ya namba. Na Tanzania haimo kwenye mikataba hiyo, kwa hiyo kuichapa na kumpelekea afisa haimfungi.

#8 MlowoTransit
#7 asante. Ila ukienda na karatasi ya Meksiko Tunduma utaambiwa uende Meksiko ukalipie huko 😂

#9 Tarakimu8
#5 na #6, nawapinga kwa hoja ya maelezo ya Sehemu ya XVII ya HS, ile ya magari na vyombo vya usafiri. Maelezo namba 2 yanasema neno "sehemu na vipuri" kwa magari haliwi na mashine za vichwa 8401 hadi 8479. Injini ni 8408. Kwa hiyo kisheria injini si kipuri cha gari, ni mashine inayojitegemea. Kama ushuru wa bidhaa unadai "vipuri vilivyotumika vya magari", injini inakuwaje humo?

#10 WakalaTunduma
Hoja nzuri ya darasani. Maelezo ya sehemu yanaongoza upangaji wa namba, hayatawali kila sheria yenye neno kipuri. Mtu wa duka la spea SIDO ukimuuliza injini ni spea atakujibu nini? Halafu acha kubishana kwa maneno: Sura ya 147 ina jedwali la nne lenye safu ya namba kabisa, na Sheria ya Fedha inaligusa karibu kila Julai. Fungua jedwali la mwaka ambao kadhia yako (tamko la forodha) inasajiliwa, tafuta kichwa chako. Kikiwemo, hoja ya Sehemu ya XVII haikusaidii. Kisipokuwemo, huna haja nayo.

#11 Tarakimu8
Bado. Kikiwemo kwa namba, linabaki neno "iliyotumika". Injini yenye waranti ya kiwanda na saa sifuri za kazi tangu ifungwe, imetumika na nani?

#12 FundiInjekta
Bloku imetumika na aliyekuwa nayo kabla. Tarehe ya kusubu haidanganyi.

#13 MzeeWaNakonde
Mkikaa kwenye umri tu mtasahau thamani, na hapo ndipo ukaguzi wa baadaye unawakamata watu. Hizi injini zinauzwa kwa kubadilishana. Muuzaji anakuambia: injini dola 6,000, ukinirudishia chakavu yako nakukata 1,500. Invoisi inaandikwa 4,500. Wakala anatangaza 4,500.

Thamani ya forodha ni malipo yote, ya moja kwa moja na yasiyo ya moja kwa moja, kwa jedwali la nne la sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004. Chakavu uliyompa muuzaji ni sehemu ya malipo. Kwa hiyo 6,000 ndiyo msingi, halafu ongeza nauli na bima. Ukitangaza 4,500 umepunguza, hata kama invoisi ni halali kabisa. Na kumbukumbu unatakiwa uzitunze miaka mitano. Wakija wakakuta barua pepe ya muuzaji inataja 1,500 za marejesho, unadaiwa upya, na kifungu cha 203 cha matamko ya uongo kinafika dola 10,000 au kifungo cha hadi miaka mitatu.

Dawa: mwambie muuzaji aandike invoisi kamili ya 6,000, na marejesho yawe hati ya pili inayojitegemea, yenye namba ya injini iliyorudishwa.

#14 SpeaMwanjelwa
#13 asante sana mzee. Na hiyo chakavu inayorudi, inatoka kama chuma chakavu?

#15 MzeeWaNakonde
Hapana, usiiandike 7204. Chakavu kwa maelezo ya Sehemu ya XV ya HS, ya metali, ni chuma kisichoweza tena kabisa kutumika kwa kazi yake kwa sababu ya kuvunjika, kukatwa au kuchakaa. Injini inayokwenda kufunguliwa na kufungwa tena bado ni injini. 8408. Ikiwa bloku imetoboka konrodi ikatokea ubavuni, hapo tunaweza kuzungumza 7204.

#16 UyoleGereji
Ndugu zangu, mimi naingiza zaidi kiti za ovaholi (seti za vipuri) kuliko injini nzima. Boksi moja lina pistoni sita, slivu sita, ringi, beringi za krenki na konrodi, gasketi na sili. Wakala anavunja kila kitu mstari kwa mstari: pistoni, slivu na ringi 8409.99, beringi 8482, gasketi 8484. Kadhia inakuwa ndefu kama treni ya TAZARA. Ni lazima?

#17 Tarakimu8
Kwanza beringi. 8482 ni za gololi na roli. Zile sahani za krenki ni beringi za kuteleza, 8483.30. Wakala wako anakosea kila boksi.

Pili, kanuni ya 3(b) ya kupanga namba za HS: bidhaa za vichwa tofauti zilizowekwa pamoja kwa kazi moja, zimefungashwa kuuzwa kwa mtumiaji bila kufungashwa tena, zinapangwa kwa kile kinachoipa seti sura yake. Hapo ni pistoni na slivu, kwa hiyo boksi zima 8409.99, mstari mmoja.

#18 WakalaTunduma
Inategemea boksi limefungwaje. Likiwa na namba moja ya kiti, lebo moja, bei moja, utetezi upo. Ikiwa pistoni ziko katoni yao, slivu yao, gasketi bahasha yao, na invoisi ina bei ya kila kimoja, afisa atasema hizi ni bidhaa nne zilizopanda kontena moja. Na wapo wanaosema mnunuzi wa kiti ni gereji, si mtumiaji wa mwisho, kwa hiyo si seti ya rejareja. Sikubaliani nao lakini hoja hiyo utaisikia.

#19 FundiInjekta
Kwa faida ya wengine, hizi ndizo zinazopotezwa sana, watu wanazitupa zote 8708 kwa kuwa zinakwenda kwenye gari:

Krenki, 8483.10. Turbo, 8414.80. Pampu ya dizeli, 8413.30. Nozeli 8409.99. Staata 8511.40, altaneta 8511.50. Filta ya oili 8421.23, ya hewa 8421.31. Mkanda wa feni 4010. Taa 8512.20. Kioo cha mbele cha tabaka mbili kisicho na fremu, 7007.21. Kiti cha kukalia 9401.20.

Zinazobaki 8708 kweli: giaboksi .40, ekseli yenye difu .50, shokapu .80, rejeta .91, klachi .93.

Na spring za lori, zile majani, ni 7320.10. Hata ziandikwe jina la lori gani. Ni vitu vya matumizi ya jumla, kama bolti za 7318, Sehemu ya XVII inavitoa.

#20 IpogoloLori
Breki pedi je?

#21 FundiInjekta
Zikiwa zimeshagandishwa kwenye bati lake, 8708.30. Ukileta laini tupu za kupigilia ripiti mwenyewe, 6813.

#22 KasumuluKwetu
Swali la pembeni kidogo lakini linahusu mada. Tuseme gereji ya Mbeya inanunua injini chakavu kutoka nje, inazifunga upya hapa, inauza Malawi kupitia Kasumulu. Inaweza kupata cheti cha asili cha SADC ili mnunuzi asilipe ushuru?

#23 BintiRungwe
Hapo ndipo mfumo wa namba unapomnyima fundi haki yake. Kanuni nyingi za asili zinatazama kama kichwa kimebadilika: uliingiza malighafi ya kichwa kimoja, ukatoa bidhaa ya kichwa kingine. Chakavu imeingia 8408, iliyofungwa imetoka 8408. Kwa macho ya kanuni hiyo hujafanya kitu, hata kama umetia slivu sita na kazi ya wiki nzima. Unabaki na njia ya thamani iliyoongezwa, kama kanuni ya bidhaa hiyo inairuhusu. Ukiitumia unatakiwa daftari: bei ya chakavu ilipoingia, bei ya kila sehemu na ilikotoka, mishahara, umeme wa mashine ya kuchonga chuma. Gereji nyingi hazina karatasi hiyo.

#24 MlowoTransit
Na kama chakavu imetoka kwenye lori lililofia mlima Nyoka hapa hapa nchini?

#25 BintiRungwe
Kanuni ya kawaida inahesabu kuwa cha nchi kile kilichokusanywa humo ambacho kinafaa tu kuvunjwa kupata malighafi. Injini inayofufuka haikidhi hilo, kwa sababu inafaa kwa zaidi ya malighafi. Wengine wanalisoma kwa ulegevu zaidi. Sijaona wawili wanaosoma sawa.

#26 KasumuluKwetu
Ndaga fijo, asante sana.

#27 HafukatiSoweto
Mimi niulizie hafukati. Nusu ya mbele ya gari: injini, giaboksi, deshibodi, milango miwili, tairi mbili. Inakwenda namba gani?

#28 WakalaTunduma
Ugomvi wa siku zote. Kanuni ya 2(a) inasema kitu kisichokamilika kinapangwa kama kilichokamilika ikiwa kina sura yake ya msingi, na ni hivyo hivyo kikija kimefunguliwa vipande. Kundi moja linasema nusu gari haina sura ya gari, ivunjwe: injini namba yake, giaboksi 8708.40, kipande cha bodi kwenye 8708, na kadhalika. Kundi la pili linasema maelezo ya ufafanuzi ya sura ya 87 yanakubali gari lisilo na injini au lisilo na viti kuwa bado gari, sembuse lenye injini.

Kinachomaliza ubishi mapema: nusu ya mbele na nusu ya nyuma zenye namba moja ya chesisi zikikutwa kontena moja, hilo ni gari zima lililofunguliwa, na utalipia gari zima pamoja na ushuru wake wa uchakavu. Usijaribu.

#29 MzeeWaNakonde
Ongeza: tairi zilizotumika za gari ndogo na za mizigo midogo ziko kwenye orodha ya marufuku, jedwali la pili la sheria ya forodha. Hafukati ikija na tairi zake za zamani, watu wanabishana kama zimo ndani ya kitu kizima au ni tairi peke yake. Zitoe kabla ya kupakia, ubaki na rimu.

#30 IpogoloLori
Lori lililokuja chesisi na injini bila kichwa?

#31 Tarakimu8
Chesisi yenye injini, 8706. Ikiwa na kebini tayari, maelezo namba 3 ya sura ya 87 yanaitoa 8706 na kuipeleka 8702 hadi 8704. Kebini peke yake 8707. Kosa hili ni la bei kubwa kwa wanaounda mabasi.

#32 RujewaMpunga
Nimesoma yote. Mnaweza kunisaidia pawatila? Wengine 8432 kilimo, wengine trekta.

#33 Tarakimu8
Pawatila ya kutembea nayo nyuma, inayovuta tela na jembe, ni trekta ya ekseli moja, 8701.10. Lile rotavata linalofungwa nyuma linabaki 8432 hata likija limeshafungwa juu yake, maelezo namba 2 ya sura ya 87 yanasema hivyo waziwazi. Mistari miwili kwenye kadhia. Ila mashine ambayo visu ndivyo vinavyoivuta na haina magurudumu ya kuvuta kitu, hiyo nzima ni 8432.

#34 KamweneIringa
Mafinga tunasubiri mbao zetu mkimaliza na Usangu 😅 Zilizopasuliwa tu 4407.11 kwa misonobari, zikipigwa randa na kutiwa ulimi wa kuungana 4409, nguzo za misonobari zilizotiwa dawa 4403.11. Watu wanachapa 4407 kila kitu.

#35 WakalaTunduma
Mbao fungua uzi wake mkuu, hapa ni mafuta na grisi.

Narudi kwa aliyeuliza. Badala ya kutegemea sisi, omba uamuzi wa awali kwa Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla ya kuagiza. Sheria ya forodha inaruhusu, na ukishatolewa kwa maelezo ya kweli unawafunga. Ambatisha karatasi ya vipimo ya injini yenye modeli, ujazo na nguvu, orodha ya kilichobadilishwa na kilichobaki cha zamani, waranti, matokeo ya benchi la majaribio, picha za bati na za tarehe ya kusubu, na mfano wa invoisi. Uliza maswali mawili kwenye barua moja: namba ya HS ni ipi, na je kwa madhumuni ya ushuru wa bidhaa imetumika au la. Wengi wanauliza la kwanza tu, wanajibiwa 8408.20, wanashangilia, halafu wanakutana na 25% kwenye tathmini.

Mzigo ukiwa umeshafika na hukubaliani, kifungu cha 229 kinakupa siku 30 tangu uamuzi kuomba Kamishna aupitie. Ukichelewa, hoja yako inaweza kupokelewa tu ukiwa na sababu ya kuridhisha, kama ugonjwa au kuwa nje ya nchi.

#36 SpeaMwanjelwa
Nimepata. Na kwenye invoisi, niandike nini? Muuzaji anaweza kuandika "diesel engine" tu.

#37 FundiInjekta
Aandike kamili: injini ya dizeli, modeli, namba, imetengenezwa upya kiwandani, orodha ya sehemu mpya. "Injini" tupu halafu mkaguzi akute REMAN kwenye bati, umeshaonekana unaficha.

#38 MlowoTransit
Au mwambie asiweke bati la REMAN 😂

#39 MzeeWaNakonde
#38 utani huo mtu anaweza kuuchukua kweli. Bati likitoka, waranti inatoka nalo, na hoja yote ya kuitofautisha na mtumba wa kawaida inakufa hapo hapo.

#40 Zambezi_Diesel
Salamu kutoka Nakonde. Upande huu tarakimu sita za mwanzo ni zilezile, zinazofuata ni zetu, na viwango ni vyetu. Anayepitisha transiti kwenda Lusaka asitumie zile nane za Tanzania kwenye hati ya Zambia, inarudishwa.

#41 KamweneIringa
Toleo jipya la HS linaanza 1 Januari 2028, labda watatuwekea kichwa cha injini kama walivyofanya kwenye tairi.

#42 Tarakimu8
Sidhani. Tairi iliyovishwa unaitambua kwa jicho, mstari wa mpira unaonekana ubavuni. Injini mpaka ufungue sampu. Namba ambayo afisa hawezi kuithibitisha yadi haina maisha.

#43 FundiInjekta
Tarehe ya kusubu anaiona bila kufungua kitu.

#44 Tarakimu8
Bloku inaweza kukaa stoo ya kiwanda miaka mitatu kabla ya kufungwa injini mpya kabisa. Tarehe peke yake haitoshi.

#45 FundiInjekta
Mitatu sawa. Kumi?